Tundu Kwanza

Mwezi uliopita mteja wangu mmoja, mama wa makamo anayeishi Buruburu, alifika nyumbani kwangu Umoja akiwa ameshika leso iliyofungwa fundo. Alipoifungua juu ya meza yangu ya kazi, zilitoka shanga 47 za mkufu niliokuwa nimemtungia miezi mitatu iliyotangulia. Mkufu huo ulikuwa na shanga 56 zenye upana wa milimita 8 kila moja, idadi inayotosha urefu wa sentimita 45 hivi. Ulikatika akiwa ndani ya matatu kwenye barabara ya Jogoo, na zile 9 zilizopungua zilibingirika chini ya viti, zikaendelea na safari bila yeye. "Binti yangu," akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko ukali, "huu uzi wako haukufaa."

Sikumjibu papo hapo. Ulikuwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, wenye nguvu za kuning'iniza birika lililojaa maji, kwa hiyo niliichukua ile miisho miwili iliyokatika nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Uzi uliovutwa kupita kiasi hurefuka na kuwa mwembamba kabla ya kukatika. Huu haukuwa umerefuka, bali ulikuwa umelika upande mmoja, kama kamba ya mbuzi iliyosuguliwa kwenye ukingo wa bati. Nikachukua shanga za shaba zilizokuwamo, nikapitisha ncha ya sindano kwenye mdomo wa tundu la kila moja, na katika ushanga wa nne sindano ikakwama. Palikuwa na ukingo mdogo wa chuma, mwembamba kuliko unywele, uliosalia tangu siku ushanga huo ulipotobolewa. Niliponunua shanga zile nilikagua rangi yake, uzito wake na mng'ao wake, nisikague tundu.

Watu wanaoniuliza jinsi ya kuanza kutengeneza shanga kwa mkono karibu wote huanza na rangi, na wachache huanza na malighafi. Mimi huwaelekeza kwenye tundu. Donge la udongo lisilo na tundu ni gololi ya mtoto, kipande cha mfupa ni takataka ya machinjioni, na mbegu ni mbegu tu. Kila malighafi ina wakati wake wa kukubali kutobolewa: nyingine hutobolewa zikiwa laini, nyingine huzungushwa juu ya kitu kinachoshikilia nafasi ya tundu tangu mwanzo, na nyingine ni ngumu tangu ulipozipata, hazina njia ila drili na subira. Makosa mengi niliyoyafanya katika kazi hii yalitokana na kutoboa kwa wakati usiofaa.

Udongo ndio ulionifundisha hilo mapema zaidi. Hapa Nairobi huwezi kuzungumzia shanga za udongo bila kuitaja karakana ya Kazuri iliyoko Karen, ambayo Susan Wood aliianzisha mwaka 1975 akiwa na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto wao peke yao, na ambayo shanga zake zilizofinyangwa na kupakwa rangi kwa mkono zimevaliwa mbali sana na hapa. Mara ya kwanza nilipoitembelea nilisimama muda mrefu nyuma ya wanawake waliokuwa wakiviringisha udongo viganjani, na kilichonishangaza ni kwamba mkono uliokuwa ukiviringisha ulijua uzito bila mizani. Mimi mpaka leo hupima. Husukuma udongo uwe kama mwiko mwembamba, nikaukata kwa kisu vipande vilivyo sawa kwa kutumia rula, kisha nikaviringisha kila kipande kati ya viganja.

Tundu la udongo lina saa yake. Ukitoboa ushanga ukiwa mbichi kabisa, kijiti kinauvuta na kuupotosha ukawa kama yai lililokaliwa, na ukingoja hadi ukauke, unapasuka mkononi. Wakati ulio sawa ni pale udongo unapokuwa mgumu kiasi cha jibini, unaposhika alama ya ukucha lakini haushiki alama ya kidole. Hapo ndipo ninapochukua kijiti cha mshikaki, nikakipaka mafuta kidogo, nikakizungusha huku nikisukuma kutoka upande mmoja mpaka nione ncha inachungulia upande wa pili, kisha nikakitoa na kuingilia upande huo. Nikisukuma moja kwa moja, ncha inapotoka hubandua kipande cha udongo na kuacha mdomo uliochanika.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawaliamini hadi walione. Udongo ukikauka na kuchomwa husinyaa, na aina ninayotumia mimi husinyaa karibu asilimia 10. Wengi hudhani kwamba ushanga ukisinyaa tundu litapanuka, kana kwamba udongo unalikimbia tundu. La, tundu nalo husinyaa kwa kiwango kile kile. Kijiti cha milimita 3 kinakuachia tundu la milimita 2.7, na ukishapaka glezi, yaani ule uji wa madini unaoyeyuka ndani ya tanuri na kuwa kama kioo, tundu hilo hupungua tena, na mara nyingine huzibika kabisa. Mkufu wangu wa kwanza wa udongo haukutungika. Nilikuwa na shanga 40 nzuri za rangi ya bahari, na katika 15 kati yake hakuna uzi uliopita.

Sina tanuri langu, hivyo hulipia nafasi katika tanuri la karakana moja ya vyungu. Shanga zilizochomwa mara ya kwanza zinaweza kurundikwa ndani ya bakuli zikigusana bila tatizo, lakini zile zenye glezi haziruhusiwi kugusa kitu chochote, kwa maana kila kinachoguswa na glezi iliyoyeyuka hugandana nayo. Hapa tena tundu ndilo linalookoa, kwa sababu shanga hupitishwa kwenye waya wa nikromu usioyeyuka kwa joto la nyuzi 1,000 na zaidi, zikaning'inia ndani ya tanuri kama mishikaki. Nakumbuka Julai moja, katika ile baridi ya Nairobi ambayo nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka, nilipeleka shanga ambazo kwa nje zilionekana kavu. Ndani zilikuwa na unyevu. Maji yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke usiopata njia ya kutoka hujitengenezea njia. Shanga zangu zilipasuka, na vipande vyake vikaruka hadi kwenye vikombe vya mtu mwingine vilivyokuwa rafu ya juu. Nilivilipa vikombe vile. Tangu hapo shanga za Julai huziweka karibu na jiko kwa wiki nzima, na kabla ya kuzipeleka huzigusisha shavuni moja moja: ushanga wenye unyevu una ubaridi ambao mkono hauutambui, lakini shavu huutambua mara moja.

Karatasi haina mambo mengi. Unakata pembetatu ndefu kutoka kwenye kalenda ya zamani au gazeti la karatasi nzito, unaanza kuizungusha kutoka upande mpana juu ya spoku ya baiskeli, unatia gundi kuanzia katikati hadi nchani, kisha unapaka vanishi mara tatu au nne. Ukurasa wa kawaida wa A4 uliokatwa pembetatu zenye kitako cha sentimita 2, moja ikiangalia juu na nyingine chini, hukupa shanga karibu 20. Hapa tundu lipo kabla ya ushanga. Ni spoku yenyewe. Kosa pekee la kuepuka ni gundi ya mwanzoni, ambayo huushika ushanga kwenye spoku usitoke tena. Watoto wa jirani yangu wa umri wa miaka minane hutengeneza shanga hizi vizuri kuniliko, nami huzinunua kwao bila aibu.

Mfupa ni habari nyingine, na ndio ninaoupenda kuliko vyote. Kibera wako mafundi ambao wameishi kwa kazi hii miaka mingi, wakichukua mifupa na pembe za ng'ombe kutoka machinjioni na kuzigeuza kuwa vijiko, hereni na shanga. Mimi nilijifunza kwa mmoja wao, na somo lake la kwanza halikuhusu shanga hata kidogo. Lilihusu mafuta. Mfupa unaofaa ni ule wa muundi, kwa kuwa kuta zake ni nene na zimenyooka, lakini ndani yake mna uboho na mafuta ambayo yasipotolewa hugeuka rangi ya manjano baada ya miezi michache na kuleta harufu ambayo hakuna marashi yanayoifunika. Unaukata kwa msumeno wa chuma, unasukuma uboho utoke, kisha unauweka katika maji yenye sabuni ya unga juu ya moto mdogo. Nasema moto mdogo kwa makusudi, kwa kuwa ukichemsha kwa nguvu na kwa muda mrefu unaudhoofisha mfupa wenyewe, ukaja kupasuka wakati wa kutoboa. Baada ya hapo unaulowesha katika haidrojeni peroksaidi ya kutoka duka la dawa ili uwe mweupe. Wengine hutumia dawa ya klorini ya kufulia nguo kwa sababu ni rahisi kupatikana. Weupe unakuja haraka, lakini mfupa huliwa taratibu na kuwa kama chaki.

Fundi yule alipoona ninakata vipande vya mfupa na kuanza kuviviringa kwa msasa ili viwe mviringo kabla sijavitoboa, alicheka hadi akaweka tupa chini. "Dada, unamvisha bibi harusi kabla hajaposwa," akasema. Mfupa hupasuka wakati wa kutoboa kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo unatoboa kwanza, kikiwa bado kipande cha mraba kisicho na sura, na kikipasuka umepoteza dakika moja badala ya kumi. Unakibana kwenye jiliwa, unatia biti ya milimita 1.5, unatoboa hadi nusu, unakigeuza na kutoboa kutoka upande wa pili hadi matundu yakutane katikati. Kila baada ya sekunde chache unadondosha maji, kwa sababu biti ikipata moto mfupa huungua, na harufu yake ni ile ya nywele zilizochomwa. Maji hayo pia hushika vumbi. Vumbi la mfupa ni jembamba na lina madhara makubwa kwenye mapafu, na barakoa ni lazima hata kama unatoboa ushanga mmoja tu.

Ukishatoboa, tundu lenyewe linakuwa chombo cha kazi. Unatunga vipande vyote vya mraba kwenye waya mmoja, ukavibana vikakaza, kisha ukavisugua vyote kwa pamoja juu ya jiwe lenye mfereji mpaka viwe duara moja refu kama fimbo. Ukiulegeza waya, una shanga 30 zilizolingana upana kiasi ambacho jicho na msasa havingeweza kukupa hata ukikesha. Mfereji wangu niliuchonga kwenye tofali la kuchoma lililobaki kwa majirani walipokuwa wakijenga.

Nilidhani mbinu hii ilibuniwa Kibera. Baadaye nikasoma kwamba katika magofu ya miji ya kale ya Waswahili, yaani mji uitwao Shanga kwenye kisiwa cha Pate na ule wa Tumbe kisiwani Pemba, wanaakiolojia wamefukua vigae vya vyungu vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusugua, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba wenyeji walisugulia hapo shanga za makome ya baharini. Niliposoma hivyo nilitoka nje kulitazama tofali langu. Na kuna mfano wa kale zaidi kwa mbali: magharibi ya Ziwa Naivasha, mahali paitwapo Enkapune ya Muto, zilifukuliwa shanga za kaka la yai la mbuni zenye umri wa karibu miaka 40,000, nyingine zimekamilika na nyingine zimeachwa njiani. Kwa kutazama vipande vilivyovunjika kabla ya kumalizika, watafiti wa shanga za aina hii hujua fundi alianza na nini, na mara nyingi wamekuta kwamba tundu lilitangulia na mviringo ukafuata. Lazima nao walichekwa na mtu mwanzoni. (Msomaji asije akaniagiza shanga za kaka la mbuni, kwani sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali, nami sina.)

Mbegu ningezipita haraka kama si kwa sababu ya usalama. Komwe, zile mbegu za kijivu ambazo watu wa pwani huzichezea bao, hufanya shanga nzuri sana zenye mng'ao wa asili, ila ganda lake ni gumu na linateleza, hivyo biti hukimbia na kukuchoma kidole usipoanza kwa kukwaruza alama kwa tupa. Kuna pia zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo hupendwa kwa sababu huonekana kana kwamba zilipakwa rangi na fundi stadi. Hizo sizitumii kabisa. Ndani yake mna sumu kali iitwayo abrini, na ganda gumu ndilo linaloizuia; ukitoboa, umeifungulia mlango, kwa wewe unayevuta lile vumbi na kwa mtoto atakayetafuna mkufu wa mama yake. Nimewahi kuziona zikiuzwa sokoni zimetobolewa, na muuzaji aliponiona nikikunja uso alidhani nalalamikia bei.

Kioo ndicho kilichonishinda. Hapa jijini mtu akisikia neno shanga, picha inayomjia ni ya mapambo ya Wamaasai, na wageni wengi huondoka wakiamini kwamba zile punje ndogo za kioo hutengenezwa Kajiado. Ufundi wa kuzitunga, mpangilio wa rangi na maana zake ni wa kina mama wa Kimaasai, lakini punje zenyewe kwa muda mrefu zimekuwa zikitoka Jamhuri ya Cheki, na siku hizi nyingi hutoka China. Punje ya namna hiyo huanza ikiwa mrija mrefu wa kioo uliovutwa ukiwa na moto, hivyo tundu hurefushwa pamoja na kioo, kisha mrija hukatwa vipande vidogo. Si kazi ya mezani Umoja.

Nilijaribu badala yake njia ya Wakrobo wa Ghana, kwa kuwa haihitaji mrija wala ndimi za gesi. Wao husaga chupa kuukuu kuwa unga, wakaujaza ndani ya kalibu ya udongo yenye vishimo, na katikati ya kila kishimo wakasimamisha kipande cha kikonyo cha jani la muhogo. Ndani ya tanuri kioo hushikana, kikonyo kikateketea na kuacha tundu. Niliposoma hivyo nilipiga kofi kwa furaha: tundu linalojitoboa lenyewe! Nikasaga chupa za bia za kahawia nikiwa nimevaa miwani na barakoa, nikapaka kalibu ungaunga wa kaolini, ule udongo mweupe, ili kioo kisigande, na majani ya muhogo nikayapata sokoni kwa mama mboga aliyeniuliza mara mbili ni mboga gani hiyo ninayoitupa majani na kubaki na vikonyo. Shanga zilishikana vizuri kwa joto la karibu nyuzi 800. Kisha nikafanya pupa. Kioo hutaka kupozwa polepole, la sivyo nje hukaza wakati ndani bado inasinyaa, na mvutano huo hubaki umejificha. Nilizitoa tanuri likiwa bado na joto la kuchoma vidole. Zilikaa mezani usiku mmoja zikiwa nzima, na asubuhi, nikiwa nakunywa chai, nikazisikia zikilia moja baada ya nyingine. Nilibaki na tatu. Nitarudia, lakini kwa sasa anayetaka shanga kubwa za kioo kilichotengenezwa upya humwelekeza kwa mafundi wa Kitengela, ng'ambo ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako Nani Croze alianzisha karakana inayoyeyusha vioo vilivyotupwa.

Narudi kwenye shaba, kwa kuwa ndiyo iliyonitia aibu. Shanga za shaba ya njano sizitengenezi mwenyewe. Hutengenezwa na mafundi wa jua kali wanaoyeyusha makufuli yaliyokufa na koki za mifereji, na hiyo si kazi ya kufanyia ndani ya nyumba, kwa sababu zinki iliyomo ndani ya shaba huchemka kwenye nyuzi 907 na kutoa moshi mweupe unaomletea mtu homa. Kazi yangu ni kumalizia kile ambacho fundi hakuwa na muda nacho. Biti inapotokea upande wa pili wa chuma husukuma ukingo mkali mbele yake, na ukingo huo hauonekani kwa macho. Dawa yake ni kuchukua biti nyingine iliyo pana maradufu kuliko tundu, ukaizungusha kwa vidole, si kwa umeme, mara tatu kwenye kila mdomo, ili mdomo uwe kama wa faneli. Kisha unapitisha tupa nyembamba ya duara, na mwisho uzi wa pamba uliopakwa dawa ya kung'arishia chuma, ukivutwa huku na huku kama mtu anayesafisha meno. Dakika mbili kwa kila ushanga. Mkufu ule ulikuwa na shanga 14 za shaba, kwa hiyo uzembe wangu uliniokolea chini ya nusu saa.

Nilimwambia yule mama ukweli, kwamba uzi haukuwa na hatia, na kwamba sitamtoza chochote. Alinitazama, akauliza kama mfupa nao unakata uzi. Nikamwonyesha mdomo wa ushanga wa mfupa, jinsi ulivyolainika kwa kusuguliwa, naye akaingiza ukucha na kuuzungusha kama fundi. Zile 9 zilizopotea nilizitengeneza upya: tano za mfupa, mbili za udongo, mbili za shaba. Jana usiku nilizitunga zote 56, na kabla ya kufunga fundo la mwisho nilipitisha uzi mwingine, mwembamba wa pamba, katika kila tundu, nikauvuta mara kumi huku nikiushikiza kwenye ukingo. Shaba zote zilipita. Kwenye ushanga wa 31 uzi ulikwaruza. Ulikuwa wa udongo, na ndani ya mdomo wake palikuwa na tone la glezi lililoganda, dogo kama chembe ya chumvi. Nimeutoa, uko hapa kando ya tofali, na mkufu unaungoja.